Feri Zaidi Zije, Lakini Nani Atazishika Usukani?

Kila feri moja ikiharibika pale Likoni, mjadala huwa ni ule ule. Foleni inarefuka, watu wanachelewa kazini, redio za Pwani zinafungua simu. Wa kwanza kupiga anasema serikali imeshindwa, waruhusiwe watu binafsi walete boti zao washindane. Wa pili anajibu kwamba tukiwaachia matajiri kivuko, mama anayeuza mboga Marikiti atavushwa na nani? Mimi ni mtu wa Likoni na nimeusikia mjadala huu tangu utoto. Kila upande una haki yake. Lakini sijawahi kusikia mtu akipiga simu kuuliza hizo feri, ziwe za serikali au za tajiri, zitaendeshwa na nani, na huyo mtu atakuwa ameupatia wapi ujuzi wake.

Tuanze na hesabu ya kivuko chenyewe. Huduma hii, ambayo leo iko chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu. Anayelipa ni mwenye gari. Sasa tazama ushindani ulivyoingia. Tangu mwaka wa 2024 dereva anayetoka bara kwenda Kusini ana njia ya pili, barabara ya Dongo Kundu, na hana haja ya kuiona feri. Mwenda kwa miguu naye aliletewa daraja la kuelea la Liwatoni mwanzoni mwa 2021, na daraja hilo limeshaondolewa. Mwenye gari ana chaguo, mwenye miguu hana.

Hilo linatufundisha jambo. Mfanyabiashara hawezi kuja kushindana na huduma ya bure, ila kwa njia mbili: serikali imlipe kwa kila anayemvusha, au abiria aanze kutozwa nauli. Kwa vyovyote vile atahitaji kandarasi au leseni, na kandarasi huwa na masharti. Kwa hivyo swali la msingi si kama tunataka ushindani au hatuutaki. Ni masharti gani tutayaandika siku tutakapoukaribisha.

Wako wanaoamini kwamba ushindani peke yake utaleta usalama, na wako wanaoamini kwamba mali ya umma ndiyo salama. Historia ya bahari yetu haimuungi mkono yeyote kati yao. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Hiyo ilikuwa feri ya umma, isiyo na mshindani. Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na Julai 2012 ikafuata Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hizo zilikuwa za watu binafsi, katika njia zenye kampuni kadhaa. Kwa Mtongwe na kwa Spice Islander, chombo kilibeba watu kupita uwezo wake. Bahari haikuuliza mwenye chombo ni nani.

Simaanishi kwamba ushindani hauna faida. Leo msafiri wa Dar na Unguja anachagua baina ya boti za kasi za Azam Marine na za Zan Fast Ferries, na safari ni ya takriban saa mbili. Sisi huku, mtu wa Mombasa anayekwenda Lamu anapanda basi mpaka Mokowe kisha ndipo aguse maji, ilhali bahari inapita mlangoni pake. Njia ya majini ya kutuunganisha sisi wenyewe ingekuwa neema. Lakini boti ya kasi inahitaji nahodha, fundi wa injini, mabaharia wa zamu na watu wanaojua kuwatoa abiria moto ukishika. Tusipokuwa nao, watakuja na boti zao kutoka kwingine, na sisi tutabaki kukata tiketi na kubeba mizigo.

Lamu ndiko ushindani ulikozoeleka. Baina ya Mokowe, Amu na uwanja wa ndege wa Manda, boti ni nyingi na hakuna anayemiliki njia. Abiria anafaidika, maana boti haikawii. Lakini mwenye boti anaishi kwa idadi ya vichwa, na kishawishi cha kuongeza mmoja juu ya waliojaa kipo kila siku. Wanaoshika usukani huko wanaijua mikondo, wanajua fungu la mchanga linapojificha maji yakitoka, wanajua kusi inavyobadilisha rangi ya bahari. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, kazi za baharini zilizokuja ziliuliza cheti. Ujuzi wa miaka 20 usio na karatasi ukasimama nje ya geti.

Basi tatizo ni shule? Kwa kiasi, ndiyo, lakini si hapo hasa palipokwama. Kenya iliingia mwaka wa 2010 katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Bahari ya nchi ambazo vyeti vyake vya ubaharia vinatambuliwa. Mombasa tuna Bandari Maritime Academy, chuo kilichokuwa cha mamlaka ya bandari na ambacho tangu 2018 ni taasisi inayojitegemea. Kijana anaweza kusomea hapa hapa kuogelea na kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama melini. Anapokwama ni baada ya darasa.

Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia hautoi cheti cha afisa kwa mtihani pekee. Afisa wa sitaha anatakiwa awe amehudumu melini miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo uliokubaliwa, la sivyo miezi 36. Baharia wa kawaida wa zamu anahitaji miezi 6, au angalau miezi 2 kama amepitia mafunzo maalumu. Nchi isiyo na meli zake nyingi itawapeleka wapi vijana hawa? Mtaani kwetu yuko mmoja aliyemaliza kozi zake zote, akapiga hodi kwa mawakala mpaka viatu vikaisha. Kila mahali aliulizwa kama amewahi kuhudumu melini. Leo anaendesha bodaboda, na vyeti vyake viko kwenye bahasha juu ya kabati la mamake.

Wakati huo huo, feri zinavuka Kilindini usiku na mchana mbele ya macho yake. Zina injini, sitaha, zamu na kitabu cha kumbukumbu. Zingeweza kuwa darasa.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila atakayepewa leseni au kandarasi ya kuvusha abiria katika maji ya Pwani, awe wa umma au binafsi, atenge nafasi za wanagenzi katika kila chombo, wa kike na wa kiume, kwa idadi iliyoandikwa na kutangazwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari ikague kumbukumbu zao za zamu na iseme wazi ni siku ngapi zitahesabiwa na kwa cheti kipi. Na manahodha wa Lamu, Faza, Kizingitini, Wasini na Gazi wapimwe kwa wanachokijua. Serikali ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nayo ifike majini kama inavyomfikia fundi wa gereji.

Nitaambiwa mkondo wa Likoni ni mfupi, hauwezi kumtoa nahodha wa meli ya mataifa. Ni kweli, na hakuna haja ya kuwadanganya vijana. Mvuko wa takriban nusu kilomita haulingani na safari ya Bahari Hindi. Lakini mkataba wenyewe unazipa nchi nafasi ya kuweka vyeti vya safari za karibu na pwani, na injini ya feri inafundisha matengenezo kama injini nyingine. Njia ya Mombasa na Lamu ikifunguliwa, ngazi ya pili itakuwepo.

Nitaambiwa pia kwamba bandari ni ya Wakenya wote. Naam, na asizuiwe mtu. Lakini mtoto wa Mtongwe anayeamka akizisikia honi za meli asiwe wa mwisho kuingia humo.

Kuna faida nyingine isiyotajwa. Baharia mwenye cheti kinachotambulika popote ana ujasiri wa kumwambia tajiri wake kwamba watu wamezidi na chombo hakiondoki, kwa kuwa akifukuzwa hapa ataajiriwa pale. Asiye na karatasi humeza maneno akaondoa boti. Mafunzo ya vijana wetu na usalama wa abiria ni suala moja.

Wabunge na wawakilishi wetu wa kaunti watakapokuja tena kutuahidi feri mpya, tuwapigie makofi, kisha tuwaulize: chombo hicho kitachukua wanagenzi wangapi, na jambo hilo limeandikwa ukurasa gani wa kandarasi? Wakikosa jibu, tujue makofi yetu yalikuja mapema.