Mitambo Yetu Iongozwe na Vijana Wetu

Katika bwawa la Julius Nyerere, mtoni Rufiji, imefungwa mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235. Wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwezi Februari, 2024. Wananchi huusifu ukuta na maji. Ni wachache wamfikiriao mhandisi wa udhibiti wa mitambo.

Umeme wetu sharti uende mizunguko 50 kwa sekunde. Viwanda vikiwashwa kwa pamoja, mtambo huelemewa, mwendo ukapungua. Hapo kidhibiti huongeza maji, na mwendo hurudi. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia James Watt katika injini ya mvuke mwaka 1788. Siku hizi hesabu hufanywa na kompyuta. Lakini kompyuta hutii amri zilizoandikwa na mtu. Mtu huyo akiisha kurudi kwao, nani atazirekebisha?

Kwa hiyo twawaambia vijana: shahada peke yake haitoshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakaye kuongoza mtambo na aanze kwa kufuata nyaya, kusoma michoro, kupima vali na pampu, na kuwasikiliza mafundi wa zamani.

Na wakuu wa mashirika twawaambia: mkataba wa kununua mitambo uwe pia mkataba wa kufundisha. Kijana wetu asishike ufagio huku mgeni akishika ufunguo. Mwenye mtambo asiyeweza kuuongoza ni mlinzi wake tu.