Stima Imfuate Fundi

Mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa umri ni baba yangu, alisema barazani juzi kwamba fundi anayepasua ubao kwa msumeno wa stima si fundi, ni dereva wa msumeno. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani, kwani majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa Asembo Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, nimeketi juu ya gogo kutwa nzima nikitazama mashua ikiundwa kwa msumeno wa namna hiyo hiyo. Kumjibu mzee mbele ya watu niliona haya. Basi najibu hapa.

Asembo Bay iko magharibi ya Kisumu, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam. Mtu wa pwani akifika pale hajioni mgeni sana. Kuna mashua zilizopandishwa mchangani, kuna nyavu zimeanikwa, na harufu ya omena inakupokea kabla ya wenyeji. Mashua zenyewe ni za asili ya Ssese, vile visiwa vya Uganda. Hapo zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama mitepe yetu ya Lamu, ndipo baadaye misumari ikaja. Mkuku wanao, mataruma wanayo, na nyufa huzikalafati kama sisi, ila hawana mafuta ya sifa kwa kuwa ziwani hakuna papa.

Sasa ndugu msomaji, fikiri hali ya fundi yule. Mashua haiundwi uani. Huundwa pale pale ufuoni itakaposhushwa majini, maana chombo cha hatua kumi na tatu hakibebwi kwa mkokoteni. Nyaya za stima nazo zimepita kwenye maduka, huko juu barabarani, zikakomea huko. Wako waliokuwa wakipeleka mbao sokoni zikapasuliwe kwa mashine kisha kuzirudisha. Lakini ubao wa chombo haukatwi kwa kipimo cha karatasi. Huwekwa juu ya mwenziwe, ukatiwa alama, ukashushwa, ukapigwa randa kidogo, ukajaribiwa tena, mpaka ukae. Ubao mmoja waweza kupanda na kushuka mara tano. Huwezi kwenda sokoni mara tano kwa ubao mmoja.

Wengine walikodi jenereta. Jenereta inakula petroli hata fundi anapokuwa akivuta sigara, na kelele zake huwafanya watu wazungumze kwa ishara kama mabubu.

Nilichokikuta mimi ni gari kuukuu, vani, lililong'olewa viti vya nyuma. Mahali pa viti pana sanduku la mbao lenye betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea 200 kwa saa, na kando yake inveta, yaani kile chombo kinachougeuza umeme wa betri kuwa umeme wa volti 240 kama wa nyumbani. Juu ya paa kuna vioo viwili vya jua. Gari likitembea, altaneta yake huzijaza betri. Likisimama, jua huzijaza. Waya mrefu unatoka mlangoni mpaka kwenye mashua. Nilisikia msumeno ukilia kwa muda wa nusu dakika, kisha kimya, nikasikia mawimbi.

Fundi mkubwa wa pale, ambaye vijana wanamwita jaduong', yaani mzee kwa heshima, alinifanyia hesabu kwa kalamu ya seremala juu ya ubao. Betri zile mbili zikijaa zina uwezo wa wati 4,800 kwa saa moja. Lakini betri za risasi na asidi ukizikamua zaidi ya nusu unazifupishia maisha, kwa hiyo hesabu 2,400. Inveta nayo hujilia sehemu yake njiani. Zinabaki kama 2,000. Msumeno wake ni wa wati 1,200, kwa hiyo ungeweza kulia bila kupumzika saa moja na dakika arobaini hivi. Nikadhani ni kidogo. Akanicheka. Akaniuliza kama nimesikia msumeno ukilia mfululizo hata dakika mbili tangu asubuhi, nami nikakiri kuwa sikusikia. Kazi kubwa ya fundi ni kutazama na kupima, na kutazama hakuli umeme.

Ujuzi ule hakuupata bure. Inveta yao ya kwanza waliinunua kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwamba wati 1,000 zinatosha kila kitu. Mara ya kwanza kubonyeza msumeno, inveta ilipiga kelele ikafa. Mota inapoanza kuzunguka hudai, kwa kufumba na kufumbua, mara kadhaa ya nguvu iliyoandikwa kibandikoni. Tena wati 1,200 katika volti 240 ni ampea 5 tu, lakini katika betri ya volti 12 ni zaidi ya 100, na waya mwembamba utayeyuka. Sasa waya wa kutoka betri mpaka inveta ni mnene kama kidole na hauzidi urefu wa mkono.

Hapo ndipo namrudia mzee wangu wa barazani. Dereva wa msumeno hangejua hayo. Na ubao ukishapasuliwa, ule ukingo uliopinda wa kukaa na fashini niliuona ukimaliziwa kwa tezo, pole pole, jaduong' akiwa amefumba jicho moja. Hivi keekee ya upote, ambayo sisi tunaisifu kama ndiyo roho ya ufundi, si mashine nayo? Aliyeileta mara ya kwanza hapana shaka aliambiwa na wazee wake kuwa anauogopa mkono wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, ziwa lile lina historia ya kufuatwa na kazi. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikashushwa Mombasa, na wapagazi wakavibeba vipande vyake mpaka Kisumu, kabla reli haijafika huko mwezi wa Disemba 1901. Iliungwa huko ikashushwa majini mwaka 1900.

La, kinachonitia wasiwasi mimi si msumeno. Ni ufunguo wa gari.

Gari lile si la mafundi. Ni la mtu wa sokoni, ambaye mwanzo alilikodisha kwa siku, na bei ilikuwa ya haki. Siku nilipokuwapo alikuwa ameanza kusema kwamba siku haimfai tena. Anataka fungu katika bei ya kila mashua. Mafundi walinyamaza, lakini nyuso zao nilizisoma. Sisi wa pwani tunalijua fungu hilo. Mwenye chombo na mwenye jarife huondoa lao kwanza, na aliyekesha baharini akagawiwa kilichobaki. Huo ni ufukweni kwa samaki. Je, tuutie na katika ufundi?

Ng'ambo ya ghuba, Mbita, mwaka 2008 kampuni ya Osram ilianzisha kituo cha kuwakodisha wavuvi wa usiku taa za betri zinazochajiwa kwa jua, badala ya karabai za mafuta ya taa. Mvuvi aliweka amana, akalipia kuchaji, akaenda zake. Hakuna aliyemngoja ufuoni amhesabie omena. Naona huo ndio mpango unaofaa: umeme uuzwe kama umeme.

Na bora kuliko huo ni mafundi wawe na betri zao. Nilimwambia jaduong' kwamba gari si lazima. Kinachotakiwa ni lile sanduku. Akanijibu kuwa kila betri ina uzito kama wa gunia la mahindi lisilojaa sana, nani atazibeba? Ni kweli kwa hizo za risasi. Lakini ziko za lithiamu, za uwezo ule ule, ambazo uzito wake haufiki nusu, na ambazo waweza kuzitumia karibu zote bila kuzidhuru. Moja yake ingetosha kazi ya hizo mbili, au karibu. Bei yake ni kubwa, sikatai.

Mafundi wanne wamekwisha kukubaliana kuweka pesa kando kila mashua inapouzwa. Walinituma niwaulizie bei katika maduka ya Mombasa, na mpaka naandika haya nimepita matatu. Katika mawili sikuelewana na wauzaji hata kuhusu ni wati ngapi msumeno unadai unapoanza. La tatu wameniambia nirudi Jumatatu.