Jina la bendi liwe mali ya kikundi

Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987 akiwa bado kijana, na bendi yake, Kilimambogo Brothers, haikurudi tena kwenye kimo alichoifikisha. Nyimbo zake za Kikamba na za Kiswahili zingali zinapigwa kwenye matatu na sherehe kote Ukambani, lakini kikundi kilichozitengeneza kimebaki historia. Hali hiyo haikuwa ya Kakai peke yake. Kuanzia Mbooni hadi Ikutha, bendi zetu huinuka na mtu mmoja na kuanguka naye, ama kwa kifo, ama kwa ugomvi wa pesa. Tumezoea kulaumu maharamia wa kanda na uhaba wa studio. Kwa maoni yangu kasoro kubwa iko katika umiliki: bendi zetu ni za mtu, na wapigaji wengine wote ni vibarua wake.

Ushahidi wa kwanza unatoka mbali, katika kikundi kidogo cha muziki wa Ulaya kiitwacho kwateti: fidla mbili, viola na selo. Mwanakwaya yeyote wa Ikutha anaweza kuielewa upesi, kwa sababu ni sauti zile zile nne anazozijua, ila kila sauti ina mtu mmoja tu na hakuna mwalimu wa kupunga mikono mbele. Mpiga fidla ya kwanza akivuta pumzi, wenzake watatu wanajua uta utashuka lini. Kujuana kwa namna hiyo hakupatikani kwa mazoezi ya mwezi mmoja, na mtu hawezi kuvumilia miaka ya mazoezi kwa ajili ya kitu kisicho chake. Ndiyo sababu desturi ya kwateti nyingi ni kugawana mapato sawa kwa sawa. Kwateti ya Amadeus ilianza London mwaka 1947. Watatu kati yao walikuwa wakimbizi Wayahudi kutoka Vienna, vijana wasio na mali. Wanne hao hao walikaa pamoja miaka 40, mpaka mpiga viola wao, Peter Schidlof, alipofariki mwaka ule ule wa 1987.

Msomaji makini ataniuliza: je, Amadeus nayo haikuzikwa na mtu wake? Ilizikwa, kwa uamuzi wa waliobaki. Lakini Kwateti ya Borodin ya Moscow, iliyoanza mwaka 1945, ilichagua njia nyingine. Waliondoka mmoja mmoja, wakaingia wengine, huku Valentin Berlinsky akishikilia selo hadi mwaka 2007, na jina likaendelea baada yake. Wala hatuhitaji kwenda Moscow. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na vizazi vimepokezana fidla zake kwa sababu ni klabu yenye wanachama. Mpiga udi akifa analiliwa, kisha klabu inaketi na kuendelea. Huo ndio mfano ninaoutaka kwetu.

Kuna hoja kwamba benga ya Kikamba ni muziki wa msimulizi: watu hufuata sauti ya mwimbaji na visa vyake, hawafuati besi. Ni kweli, na mtunzi abaki na haki ya utunzi wake yote. Lakini wimbo ni kitu kimoja, na bendi ni kitu kingine. Sikiliza pale mwimbaji anaponyamaza, gitaa la solo likapanda, ridhimu na besi zikakaza mwendo na watu wote wakaingia uwanjani: hapo mashabiki wanachezea kazi ya kikundi kizima. Jina la bendi, vyombo na malipo ya maonyesho vinapaswa kuwa vya hao wote.

Hoja nzito zaidi ni njaa. Mvua ikikosekana Ikutha misimu miwili, mpiga drams ataenda Mombasa kutafuta kibarua, katiba ya kikundi iwepo isiwepo. Hapa lazima kuwe na mshahara. Kwateti ya Juilliard ya Marekani, tangu mwaka 1946, imeegemea chuo ambacho wapigaji wake hufundisha. Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza. Sioni kwa nini bendi isipewe makao huko, ilipwe kwa kufundisha na kurekodi. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kitui na Makueni ziache kukodi bendi kwa siku moja ya sherehe na kumkabidhi mtu mmoja bahasha. Zitoe mkataba wa mwaka, pesa ziingie akaunti ya kikundi.

Ukambani haukosi ujuzi wa kuendesha kikundi. Myethya, yaani vikundi vya kazi za pamoja, imechimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kwa zamu, na vikundi vya akina mama vina daftari, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Vijana wanaounda bendi leo waketi hivyo hivyo kabla ya kurekodi wimbo wa kwanza, waandike jina ni la nani, gitaa na spika ni za nani, na atakayeondoka ataondoka na nini. Mpiga drams naye awe miongoni mwa wanaotia sahihi benki.