Foleni ya dharura haina kadi ya chama

*UJUMBE WA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Leo sina tangazo la michango wala ratiba ya ziara. Nina maoni yangu, na nayaleta kwenu kabla ya kikao cha Jumapili ili tuje nayo yakiwa yamefikiriwa.

Naanza na kosa langu. Mwezi uliopita mwanachama mwenzetu alinipigia saa nne usiku akiwa mapokezi ya hospitali. Mzee wake alikuwa na homa na maumivu ya mgongo, foleni ndefu. Akaniomba "nimuunganishe". Nikapiga simu kwa kiongozi, kiongozi akapiga hospitali, mzee akaingizwa. Nililala nikijiona katibu mzuri. Asubuhi nikaelezwa kwamba aliyesogezwa nyuma kumpisha mgonjwa wetu alikuwa mtoto anayehangaika kupumua. Mtoto huyo alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini alipona pamoja na simu yangu, si kwa sababu yake.

Wengi wetu hatujui kwamba foleni ya chumba cha dharura si foleni ya benki. Muuguzi wa mlangoni hamtazami aliyefika kwanza. Anahesabu pumzi, anapima mapigo ya moyo, anabana kidole kwa kifaa cha kupimia oksijeni, anaangalia kama mgonjwa anaitika akiitwa. Aliye karibu na kufa anaingia kwanza, hata kama amefika sasa hivi na hata kama hajulikani na mtu. Mgonjwa anayeweza kulalamika kwa sauti mara nyingi ndiye anayeweza kusubiri. Aliyenyamaza kwenye benchi ndiye wa kuogopa.

*Kwa nini nayasema haya sasa?* Kwa sababu siku za kawaida simu ya mkubwa inamchelewesha mtu mmoja. Siku ya mlipuko inaua wengi.

Tukumbuke UVIKO-19. Taarifa za mwanzo kutoka China zilionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100, kama 14 walizidiwa na 5 wakawa mahututi. Idadi inaonekana ndogo mpaka wote waje wiki moja kwenye hospitali yenye vitanda vichache na mitungi michache. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 za oksijeni, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, unaisha kwa saa 11 hivi. Mitungi miwili haimfikishi kesho yake hiyo hiyo saa. Wauguzi ndio waliokuwa wakikaa na hesabu hiyo usiku: nani aongezewe, nani apunguziwe, nani ageuzwe alale kifudifudi ili mapafu yafanye kazi. Kazi hiyo haifanyiki vizuri huku simu inaita na mheshimiwa yuko kwenye laini.

Jirani zetu Rwanda wametuonyesha upande mwingine. Walitangaza mlipuko wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali mbili za Kigali. Waliambukizwa wakiwahudumia wagonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Wenzao hawakukimbia. Walivaa mavazi ya kujikinga, wakawapa wagonjwa maji ya mishipa, oksijeni na dawa za majaribio, na wagonjwa wawili waliofikia kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia waliondolewa wakiwa hai. Walikufa 15 kati ya 66. Angola, mwaka 2004 na 2005, Marburg hiyo hiyo iliua watu 227 kati ya 252. Ugonjwa huu hauna tiba iliyoidhinishwa. Kinachomvusha mgonjwa kwa sehemu kubwa ni mtu aliyesimama kando ya kitanda na vifaa vyake mkononi.

Na sisi hatuko mbali. Marburg imeingia Kagera mara mbili: mwaka 2023 katika wilaya ya Bukoba, na mwaka 2025 Biharamulo. Ile ya 2023 ilichukua watu sita kati ya tisa waliougua, na mhudumu wa afya alikuwa mmoja wa waliofariki. Hao ndio tunaowafokea mapokezini.

Najua baadhi yenu mtasema: "Katibu, chama kisichoweza kumsaidia mwanachama wake akiugua kina faida gani?" Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba tumsaidie, ila si kwa kumruka mgonjwa mwenzake. Tumtafutie gari. Tumchangie damu. Tukae na watoto wake. Tumlipie dawa akikwama. Hayo hayamnyang'anyi mtu nafasi.

Wengine watasema wapo wahudumu wenye lugha chafu, na wapo wanaotaka "kitu kidogo". Ni kweli, na tusiwafiche. Lakini mlalamikie kesho yake kwa maandishi kwenye kamati ya kituo, ukitaja siku na saa, na tawi litafuatilia. Usimgombeze saa anayomwekea mtu oksijeni.

Kuacha kupiga simu hakutoshi, kwa sababu foleni ni ndefu kwa kuwa watu wa kuihudumia ni wachache. Hapo ndipo siasa ina kazi yake halali. Wakati wa UVIKO nchi ilipata mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu yake ilikwenda kwenye majengo ya dharura, vyumba vya mahututi na mitambo ya oksijeni. Majengo tumeyaona, utepe tumeukata, picha tumezirusha humu humu. Sasa tuulize nani yuko ndani saa nane usiku.

Utafiti uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa yuko mahututi, na wengi wa hao wako wodi za kawaida, si kwenye chumba maalumu. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata huduma za msingi kabisa, kama oksijeni kwa mwenye kushindwa kupumua. Hizo si huduma za mabilioni. Ni muuguzi wa kutosha, mtungi uliojaa, na kifaa cha kidoleni chenye betri.

*Kwa hiyo napendekeza kikao cha Jumapili kipitishe haya:*

1. Kiongozi yeyote wa tawi, kuanzia mimi, asipige simu hospitali kuombea mgonjwa aruke foleni. Atakayefanya hivyo ajieleze kikaoni.

2. Tumwandikie diwani wetu aulize kwenye baraza: zamu ya usiku ina wauguzi wangapi wa dharura, wangapi wamefunzwa kuhudumia mahututi, na mitungi ya oksijeni hujazwa kila baada ya muda gani. Ajira za kudumu hutoka serikali kuu, lakini halmashauri inaweza kuajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani. Tudai hilo liingie kwenye bajeti.

3. Tudai vifaa vya kujikinga viwepo stoo kabla ya mlipuko, na posho za walioitwa kazini wakati wa mlipuko zilipwe kwa wakati. Askari hatumpeleki vitani bila kofia kisha tukamdai ushujaa.

4. Tawi liwe na orodha ya wachangia damu na ya wenye magari au pikipiki wanaokubali kuamshwa usiku. Majina yaanze kuandikwa Jumapili hiyo hiyo.

La kwanza najua litatuuma, kwa sababu wengi wetu tumezoea kupima ukubwa wa kiongozi kwa milango anayoweza kufungua. Mlango wa dharura tumwachie muuguzi. Yeye anajua nani hawezi kusubiri.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, mahali pa kawaida. Viongozi wa mashina wafikishieni ujumbe huu wasio na simu.

Mshikamano daima.

*Katibu wa Tawi*