Karata za ujanja haziko bulozi

Juma hili tunataka kuzungumuza juu ya pakiti moja ya karata ambayo ilikaribia kuharibisha jamaa moja hapa Likasi.

Mutoto wa kalasi ya tano alikuja nayo ku masomo kisha likizo. Mujomba wake ndiye aliyemuletea kutoka Lubumbashi. Wakati wa mapumuziko, mutoto alimuambia rafiki yake achague karata moja, aiangalie, airudishe mu pakiti na achanganye yote. Kisha yeye akaweka mikono nyuma ya mugongo na kuvuta karata ileile. Siku ya kwanza wenzake walipiga makofi. Siku ya pili mumoja akasema: "Huyu iko na kitu." Siku ya tatu hakuna aliyekubali kuikala naye ku banki moja.

Na sisi walimu tulifanya nini? Tulikamata karata, tukazifungia mu kabati, hatukueleza lolote. Hilo lilikuwa kosa letu. Watoto walisema kama hata walimu wanaogopa, basi ni kweli. Habari ilifika mu kartie, na nkambo wa mutoto akataka kumupeleka ku maombi, afunge siku tatu bila kula ili "kitu" kimutoke. Mama yake alikuja kwetu na machozi.

Tulifungua kabati, tukamuonyesha mama karata zile. Ni karata za duka, zenye zilitengenezwa kwa muchezo huo. Kwa Kifaransa wanaziita "jeu biseauté". Kila karata imekatwa kidogo sana, upande mumoja ni mwembamba kuliko upande mwingine. Macho hayaoni, lakini vidole vinasikia. Karata zote zikielekea upande mumoja, pakiti ni laini. Rafiki anapochagua karata yake, mwenye kucheza anageuza pakiti polepole, na karata inarudi ikielekea upande mwingine. Sasa ncha yake pana inatokea kidogo kati ya zingine. Hata mukichanganya mara kumi, vidole vitaipata tu.

Kuko pia aina ingine, "jeu radio". Mu karata 52, nusu ni karata moja ileile, na zile ni fupi kidogo. Ukizipeperusha kwa kidole upande mumoja, watu wanaona karata mbalimbali. Upande mwingine, wanaona karata moja tu. Mwenye kuchagua anazani amechagua, kumbe alichaguliwa.

Mujaribu ku nyumba na watoto. Mukate vipande 12 vya karto, vyote sawasawa, muandike namba juu yake. Muvipange pamoja, kisha mupunguze pembeni kwa mukasi, kidogo sana, ili ncha moja ya kila kipande ikuwe nyembamba. Mugeuze kimoja, muchanganye, mufunge macho na mupitishe vidole pembeni. Mutoto mwenye amefanya hivyo kwa mikono yake hawezi tena kuogopa mwenzake.

Ujanja wa namna hiyo umekwisha kutumiwa kwa mambo makubwa. Mu 1856, serikali ya Ufaransa ilituma fundi wa michezo hiyo, Jean-Eugène Robert-Houdin, kule Algeria, ili wenyeji waamini kwamba nguvu za Wafaransa zinashinda za viongozi wao wa dini. Alileta sanduku dogo. Mutoto aliweza kuliinua, lakini kisha mwanaume wa nguvu akashindwa kabisa. Chini ya sanduku kulikuwa chuma, na chini ya sakafu kulikuwa simaki ya umeme: waya uliozungushwa juu ya chuma, ambao unavuta wakati umeme unapita tu. Hapa Likasi, muji wa mukuba na waya, watoto wetu wanapaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hilo. Mutu mwenye anajua siri ya chombo anaweza kutawala mutu asiyeijua.

Hatusemi kwamba imani ni ujanja. Tunasali kama ninyi. Tunasema hivi: mutu akionyesha ajabu kisha akanyoosha mukono kuomba feza, tuulize kwanza chombo kiko wapi. Ni vile pia kwa wale wa karata tatu ku soko: yule unayemuona anashinda mara ya kwanza, mara nyingi ni mwenzao.

Na juu ya watoto, sheria iko wazi. Katiba yetu ya 2006, mu kifungu cha 41, inakataza kushitaki mutoto kuwa mulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto, mu kifungu cha 160, inapanga kifungo cha mwaka 1 mupaka 3 kwa mwenye kufanya hivyo. Lakini kabla sheria haijafika, neno limekwisha kuumiza. Mutoto aliyeitwa mulozi anaweza kuishia mu barabara, na kumurudisha ni kazi ya miaka.

Yule mama alirudi ku nyumba na karata. Mutoto akaikala karibu na nkambo, akamufundisha kugeuza pakiti. Mara ya kwanza nkambo alikosa. Mara ya tatu akaivuta karata yenyewe, akacheka sana, akaita majirani waje waone. Hakukuwa tena maneno ya kufunga.

Sisi nasi tulirudi mu kalasi, tukaomba musamaha mbele ya wanafunzi wote, na mutoto akaonyesha siri yake. Juma lilelile kulikuwa wawili ku banki yake. Wamama, mutoto wenu akileta kitu cha kushangaza, musitupe na musifungie mu kabati. Mumuambie: "Unionyeshe namna unafanya."