Nusu ya Hadithi



Kina mama na kina dada, wazee wetu na vijana, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa. Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa Majengo alitupigia simu baada ya Isha. Binti yake, mshonaji wa madera na mabuibui, alikuwa ameacha kazi katika duka moja la Eastleigh baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Alitoa notisi ya mwezi mmoja kama alivyotakiwa, akaagana na tajiri wake kwa wema, kisha akanunua cherehani kuukuu Gikomba ili ashonee nyumbani huku akinyonyesha. Siku chache baadaye ukaja ujumbe kutoka dukani: kumbuka ulitia sahihi kwamba hutashona. Mama aliuliza swali fupi: je, mwanangu akishona atapata dhambi? Nasi tukajibu upesi, simu i sikioni na kitabu ki mbali, kwamba Waislamu hushikamana na masharti waliyowekeana. Asishone.

Binti akatii. Akaifunika cherehani kwa kanga.

Tulichompa mama yule kilikuwa nusu ya hadithi. Hadithi hiyo, kama alivyoipokea Imamu Tirmidhi, ina sehemu ya pili: Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Tuliisoma tungali wadogo chuoni, tukaisomesha kwa miaka mingi, na siku ilipohitajika tukaikata katikati. Kilichotuzindua ni karatasi yenyewe, ambayo mama aliileta msikitini wiki tatu zilizopita baada ya darsa ya Ijumaa. Tungeiomba tangu siku ya kwanza, tusingefika hapa.

Ni kurasa tatu za Kiingereza. Zinasema kwamba kwa miaka miwili baada ya kuacha kazi mfanyakazi hatashona nguo yoyote kwa malipo, awe ameajiriwa au anajifanyia mwenyewe, katika Kaunti ya Nairobi na kaunti jirani. Jirani za Nairobi ni Kiambu, Machakos na Kajiado. Kwa hiyo binti wa Majengo angetaka kupinda upindo wa dera kwa halali, ingembidi ahamie Murang'a au Makueni na mtoto mgongoni. Karatasi hiyo inataja pia wakurugenzi na matawi ya nchi za nje, ilhali duka lina cherehani nne na chano moja ya vifungo. Tajiri mwenyewe alitueleza baadaye kwamba aliipata saiba, likachapwa jina la duka lake juu, basi. Binti anasoma Kiswahili vyema na Kiingereza kwa shida. Hakuna aliyemfasiria.

Hapo pana jambo ambalo kila mzazi alijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyefahamu lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Huo ni wajibu wa mwajiri kisheria. Anayesema "tia sahihi tu hapa, utasoma baadaye" ameanza kwa kuacha wajibu wake.

Turudi kwenye dini, maana swali la mama lilikuwa la dhambi. Kuna kisa cha Barira, mjakazi aliyetaka kujikomboa, na mabwana zake wakaweka sharti ambalo halikuwa haki yao kuliweka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimama mbele ya watu akabainisha kwamba sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Ushahidi uliotukaa zaidi moyoni, hata hivyo, umo katika Suratul Qasas. Nabii Musa alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana chakula wala makazi. Mzee wa Madyan, ambaye wafasiri wengi wamesema ni Nabii Shuaib, alimwajiri kwa miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa hisani yake. Mzee akaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Musa naye akajibu kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza, basi asifanyiwe uadui. Mkimbizi mwenye njaa anatamka sharti lake mbele ya tajiri wake, na tajiri analikubali. Kisha muda ulipotimia, Musa akasafiri na ahali zake. Hatusomi popote kwamba alikatazwa kuchunga mbuzi mahali pengine.

Hatusemi kwamba kila sharti la namna hii ni haramu. Mtu anaweza kujizuia na jambo la halali kwa hiari na kwa maslahi yanayojulikana, na wako wanazuoni wa zama zetu wanaolikubali likiwa na muda mfupi, eneo dogo na sababu ya haki. Tunalolikataa ni kumfungia mja mlango wa riziki kwa sababu tu aliwahi kufanya kazi kwako.

Na tajiri naye tumsikilize, kwani ni ndugu yetu, huswali nasi safu ya pili. Mwaka mmoja kabla ya hapo fundi mwingine alimwacha siku kumi kabla ya Idd, akaondoka na daftari la wateja lenye namba za simu na vipimo vya maharusi wawili. Hilo ni kosa la wazi. Mwajiriwa anapokuwa kazini muda wake ni wa mwajiri. Akimnong'oneza mteja dukani kwamba "njoo kwangu nitakushonea kwa bei nafuu" amekula amana. Daftari ni amana, vielelezo vilivyokatwa kwa karatasi ya duka ni amana, na bei anayouziwa tajiri na wauza vitambaa ni siri yake. Amana haiishi siku notisi inapokwisha. Ila ustadi wa mkono ni jambo jingine. Binti huyu alifundishwa kushika sindano na mama yake, kabla hajalijua hata duka hilo liko barabara gani, na hata angefunzwa yote dukani, mtu haondoki kazini akauacha ujuzi wake kwenye droo.

Ajabu ni kwamba majaji wa Kiingereza walifika karibu na hapo zamani sana. Mwaka 1414 mtia rangi nguo aliyeitwa John Dyer alishtakiwa kwa madai ya kuvunja ahadi kwamba hatafanya kazi yake mjini kwa nusu mwaka. Jaji alighadhibika kwa namna ahadi hiyo ilivyoandikishwa, akasema mdai angekuwepo pale angetiwa gerezani hadi amlipe mfalme faini. Karne nyingi baadaye Waingereza walilegeza: sharti litasimama ikiwa ni la kiasi.

Sheria ya Kenya imefuata njia hiyo ya kiasi. Huko nyuma ilitumika hapa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo kifungu chake cha 27 kinabatilisha kwa jumla makubaliano ya kumzuia mtu kazi halali. Sheria yetu ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24 ya Sheria za Kenya, inasema vingine. Sharti halibatiliki kwa sababu tu ni la kuzuia, bali Mahakama Kuu inaweza kulitangaza batili ikiridhika kwamba si la haki, baada ya kutazama aina ya kazi, urefu wa muda, ukubwa wa eneo na hali zote za jambo lenyewe. Inatazamwa pia kama mwenye sharti amejikinga kupita anavyostahili, na kama umma unadhurika. Tangu Katiba ya 2010 migogoro ya mwajiri na mwajiriwa ina mahakama yake yenye hadhi ya Mahakama Kuu, ile ambayo watu huiita mahakama ya leba. Wengine walituuliza kwa nini jambo hili lisipelekwe kwa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mkataba wa kazi haumo.

Nchi nyingine zinavutana juu ya jambo hili hili. Huko Marekani jimbo la California limekuwa likikataa masharti haya tangu 1872. Aprili 2024 tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara iliamua kuyapiga marufuku karibu yote nchini, ikikadiria kwamba watu milioni 30, yaani mmoja katika kila wafanyakazi watano, wamefungwa nayo. Agosti mwaka huo huo mahakama ya Texas ikaitengua kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika, na Septemba 2025 tume ikaiacha rufaa yake. Kwa hiyo asitokee mtu hapa mtaani akatuambia kwamba "Wamarekani wameshafuta" au kwamba "ulimwengu mzima unakubali." Si hivi wala si vile.

Wenye watoto Ghuba wasikilize hapa. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu iliyoanza Februari 2022 imeweka ukomo wa miaka miwili kwa sharti la kutoshindana, na mwajiri akimwachisha mtu kazi kinyume cha sheria hawezi kulitumia. Saudia nayo ina ukomo wa miaka miwili, na sharti lazima liandikwe likitaja muda, mahali na aina ya kazi. Oman tangu Januari 2021 iliondoa ile barua ya kutokuwa na pingamizi ambayo mgeni alilazimika kuipata kwa tajiri wake kabla ya kwenda kwa mwingine. Saudia ilirahisisha kuhama kazi Machi 2021, lakini mageuzi yale hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, na mabinti wetu walio wengi huko ni hao.

Wenyeji wa Pumwani hatupaswi kuhadithiwa ladha ya barua kama hizo. Mtaa huu ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, babu zetu walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kiliandikwa jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kuachishwa, na bila sahihi ya mwajiri wa kwanza mtu hakuajirika kwingine. Kilidumu hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wazee walikichukia kwa sababu hiyo hasa, kwamba mtu alikwisha kumaliza kazi yako na bado umemshika. Tulimkumbusha tajiri wetu habari hiyo. Babu yake alikivaa. Alinyamaza kwa muda.

Tulikaa Jumamosi baada ya Alasiri: yeye, binti, mumewe, mama, na wazee wawili. Karatasi mpya ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Binti amerudisha vielelezo viwili alivyokuwa navyo. Kwa miezi sita hatawapigia simu wateja walioandikwa katika daftari la duka. Mteja akimjia mwenyewe, atamweleza kwamba hayuko tena dukani, na hiari ni ya mteja. Kushona, anashona. Tajiri ameahidi kuiandika upya na ile ya mafundi wake watatu waliobaki, na kuwasomea kabla hawajatia sahihi. Wenye karatasi kama ile ya kwanza majumbani wasiichane wala wasinyamaze. Waweke nakala, wajibu kwa maandishi, na wasiokuwa na uwezo wa wakili waende Kituo cha Sheria, ambao husaidia wasiojiweza.

Tulimwomba binti radhi mbele ya wote. Alipokea kwa adabu, kisha akauliza, "Na zile wiki tano, maalim?" Hatukuwa na jibu. Asubuhi yake tulimpelekea kitambaa cha kanzu mbili, tukamlipa ushonaji kabla hajapima, na alipotuandikia risiti tuliona ni namba moja katika kitabu chake.