Kabla hujamlipa mstawishaji amana ya nyumba ambayo bado ni shimo

Pitia Instagram dakika kumi tu. Utakutana na ghorofa la Kilimani au Ruaka lenye bwawa la kuogelea juu ya paa, na bei "ya walionunua mapema" inayoisha Ijumaa. Ajabu ni kwamba hiyo Ijumaa haiishi. Nyumba yenyewe haipo. Kilichopo ni ploti iliyozungushiwa mabati.

Wengi wenu mnaingia huku kama wawekezaji: unanunua keja ya chumba kimoja ikiwa bado kwenye karatasi, ikikamilika unaipangisha au unaiuza kwa faida. Si wazo baya. Lakini jiulize kwa nini mstawishaji anakupunguzia bei. Anataka pesa zako ajengee. Yaani wewe ndiye unamkopesha, tena bila kushika dhamana yoyote.

Benki haifanyi hivyo. Ikimkopesha, inashikilia hatimiliki ya ardhi. Mradi ukikwama, benki inaweza kuipiga ardhi mnada, nawe uliyelipa amana na awamu za miezi 18 unabaki na risiti. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, wakili wako (wako, si yule unayepewa na kampuni "kupunguza gharama") atafute rekodi za ploti. Kwa Nairobi kuna Ardhisasa, iliyozinduliwa Aprili 2021. Ikionekana ardhi imewekwa rehani, usikimbie. Mikopo ni kawaida kwa wajenzi. Dai barua ya benki inayokubali kuiachilia nyumba yako ukimaliza kulipa.

Dubai ina sheria tangu 2007 inayomlazimu mstawishaji kuweka pesa za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi. Hapa kwetu kinga yako kubwa ni mkataba. Usikubali awamu za kila mwezi zinazosonga hata mjengo ukiwa umesimama. Funga malipo na kazi: msingi ukiisha, unalipa, slabu ya ghorofa yako ikimwagwa, unalipa, na kiasi kikubwa kibaki mpaka ukabidhiwe funguo. Weka tarehe ya mwisho na fidia ya kila mwezi wa kuchelewa. Mstawishaji akikataa haya yote kabisa, ameshakujibu.

Pia tofautisha kununua nyumba na kukopesha kampuni ya nyumba. Mifuko miwili ya Cytonn iliyokuwa ikifadhili miradi ya ujenzi iliahidi riba ya juu kuliko ya benki. Januari 2023 Mahakama Kuu iliagiza ifilisiwe, mabilioni ya wawekezaji yakiwa ndani. Watu hao hawakuwa na nyumba yenye nambari mlangoni ya kudai.

Halafu kuna ujenzi wenyewe. Jengo lililoporomoka Huruma mnamo Aprili 2016 liliua zaidi ya watu 40. Mradi unapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na mwanakandarasi pia. Nenda saiti siku ambayo hujaalikwa, siku ya kazi, usome bango. Hesabu mafundi. Saiti yenye bawabu mmoja na mbuzi wawili inakueleza mengi kuliko brosha. Tembelea pia jengo ambalo kampuni hiyo ilimaliza zamani, uwaulize wapangaji kuhusu maji na lifti. Bawabu atakwambia bei halisi ya kodi, na mara nyingi ni chini ya ile uliyopigiwa hesabu ofisini.

Usisahau ushuru wa stempu: mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa nyumba ya Sh4 milioni, hiyo ni Sh160,000, kabla ya ada ya wakili. Na uliza hatimiliki itakuwa ya aina gani. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa nyumba za ghorofa inaruhusu kila nyumba iwe na hatimiliki yake. Ukiambiwa "hiyo tutaishughulikia baadaye", mwambie aiandike kwenye mkataba, na tarehe.